Daftari la Kiitaliano

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue. Mimi nimeshatoka, zamu yangu imeanza mapema. Lile daftari la Kiitaliano ~~litupe~~ liweke juu ya kabati, nisilione.

Asubuhi dada yako alipiga simu kutoka ukweni kwake Italia, akampa mtoto wake simu aongee nami. Miezi minne umenifundisha "la nonna prepara il caffè", bibi anaandaa kahawa, basi nikamwambia mjukuu wangu hivyo. Akaniuliza kitu, nikarudia kahawa. Akauliza tena, nikarudia kahawa ileile. Ungekuwepo mwalimu wangu ungecheka, mimi jasho lilinitoka.

Kisha nikamsikia anamwambia mama yake, "La nonna non capisce." Bibi haelewi.

Hiyo nimeielewa yote, bila hata kufungua daftari.

Mama