Wimbo Ambao Mwalimu Hakuusikia

Mjukuu wangu Zainabu,

Salamu nyingi zikufikie huko Maputo. Sisi wazima, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini wanafunzi wangu huimba kwanza kabla ya kupiga fidla. Wakati wa vita vya ukombozi mimi na mama tulihama Mocímboa, tukajificha msituni karibu na Nhica. Mwalimu wangu, Mzee Shebani, alibeba fidla yake, lakini hatukuthubutu kuipiga, askari wa Kireno wangesikia.

Nikamlilia, "Mwalimu, vidole vitasahau."

Akaniwekea vidole juu ya nyuzi, bila upinde. "Imba kwa sauti ya chini, mwanangu. Vidole vitafuata."

Tukaimba hivyo mpaka wimbo wake wote ukanikaa. Kisha akanikabidhi fidla. "Vuka nayo mto Ruvuma pamoja na mama yako, mwende Tanganyika. Mimi miguu hainiruhusu."

Sikumwona tena. Nimepiga kwenye harusi nyingi, Mtwara na huku nyumbani, na nimefundisha wengi. Watu wamenishangilia, alhamdulillahi. Lakini kila nikiumaliza wimbo ule hutamani yeye angekuwapo, maana alinifundisha wimbo mzima, na hata siku moja hakunisikia nikiupiga.

Akulinde Mola, mwanangu.

Bibi yako,
Mwanaisha