Macho Yasiyopakwa Wanja

Jumatatu, 14 Julai

Uji. Dawa. Kugeuzwa ubavu. Kisha wanja. Mama hunipaka kila asubuhi akishanisafisha uso, juu na chini, taratibu, ncha ya ulimi imemtoka pembeni mwa mdomo. Alianza mikono yangu iliposhindwa kufanya hivyo yenyewe. Hataki wageni wanikute na uso wa mgonjwa. Kwa yote anayonifanyia, nadhani hili ndilo pekee analolipenda.

Naandika kwenye simu kwa kidole cha shahada cha kushoto. Ndicho kilichobaki. Mimi niliyekuwa nachapa tasnifu za wanachuo pale stesheneri huku napiga soga na wateja, bila hata kutazama kibodi. Sauti ilishaniaga mwaka jana. Ugonjwa una jina refu na hauna dawa. Tulishaacha kuuliza.

Idrisa kampigia Mama. Anataka kumchukua Zuhura akaishi naye Dumila, anakofanya biashara ya vitunguu, na mke wake mpya. Tuliachana mtoto bado ananyonya, na hakuwahi kuuliza hata kama kaota meno. Sasa kakumbuka ana binti wa miaka minane. Mjomba Kibwana atashuka kutoka Kinole kuendesha kikao cha familia, Agosti tatu. Siku hiyo nataka niseme mwenyewe. Sina kingine ninachokitaka duniani.

Jumatano, 16 Julai

Kifaa kimefika. Kakituma Asha, niliyesoma naye, yuko Oman kwenye kazi za ndani. Kijiti cheusi, kama rula fupi, kinabandikwa chini ya skrini ya kompyuta. Kinafuata macho. Unaitazama herufi, unaikazia, inajiandika yenyewe. Huko wanakitumia kuchezea gemu.

Mama kamtafuta fundi kompyuta, Gaudensi, mtu mzima, kwao Mgeta, mpole kupita kiasi. Alimwamkia Mama, akanisalimia na mimi, halafu akanisubiri nijibu. Watu hawanisubiri siku hizi. Nikafumba macho. Mama akamweleza: akifumba ni ndiyo, akitazama juu ni hapana. Hiyo ndiyo lugha yangu yote.

Ameweka programu. Keshokutwa anakuja kuseti macho.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuna kitu.

Kinatokea kidoti kwenye kona ya skrini. Unakitazama mpaka kipasuke, kinakuja kingine. Vikipasuka vyote, mashine imekwisha kuyajua macho yako. Kwangu hakikupasuka hata kimoja. Mashine inasema haioni macho. Gaudensi kaisogeza karibu, kaisogeza mbali, kaipandisha juu ya ndoo. Akasema mwanga wa jua unaivuruga. Dirisha likafungwa, likawekewa kanga mbili.

Dirisha hilo linatazama mlima. Msimu huu asubuhi Uluguru inajifunika ukungu hadi kiunoni, kisha unanyanyuka polepole. Ndicho kitu pekee kinachobadilika humu ndani. Nimekitoa sadaka, na bado mashine haikuniona.

Jumanne, 22 Julai

Gaudensi kaja tena. Kafuta programu, kaiweka upya. Kabadilisha waya. Vidoti vimenikodolea macho tu. Kasema huenda macho yangu ni madogo, kisha akaona haya, akaomba radhi mara mbili. Ningeweza ningecheka. Ni macho haya haya yaliyomtoa Idrisa Dumila.

Kidole kinatetemeka. Hii aya nimeianza baada ya chai na sasa wanapika cha usiku. Nimechukia kila mtu leo, na Asha nimemchukia zaidi. Kanipa tumaini ambalo sikuliomba.

Ijumaa, 25 Julai

Mama yuko Kinole msibani tangu jana. Jirani, Mama Shabani, ndiye anayenihudumia. Mwanamke mwema, mkono mzito. Kanipitisha kitambaa cha maji baridi usoni kama anafuta meza, akaenda kugeuza maandazi yake. Wanja hakuna.

Gaudensi kaja kubandua kifaa, tukirudishe. Kabla ya kukibandua akasema ajaribu mara ya mwisho.

Kidoti kimepasuka. Cha pili kimepasuka. Vyote.

Akashika kichwa. Akaniuliza nimefanya nini leo. Mimi nilishajua. Kwa mara ya kwanza nikaandika kwa macho, herufi moja moja, kila moja ikijizungushia duara kabla ya kukubali: w a n j a.

Akainama kuyachungulia macho yangu. "Kumbe. Inatafuta ule weusi wa ndani ya jicho, dada. Sisi tunaizungushia weusi mwingine, itaujuaje?"

Mashine iliyotengenezwa ng'ambo haikuwaza kuwa kuna mtu atapakwa wanja na mama yake. Nimelia. Vidoti vikanipotea, tukaanza upya.

Jumamosi, 26 Julai

Mama karudi. Kanawa, kaja moja kwa moja na kichupa. Nikatazama juu. Hapana. Akadhani nataka anigeuze mkono. Hapana. Ikabidi niandike. Alisoma kwa sauti, kama watoto wanavyosoma: mashine haitaki wanja.

"Kwa hiyo nisikupake tena," akasema. Si swali. Nikafumba.

Kasimama na kichupa mkononi, hajui akiweke wapi. Mwishowe kakifunga kwenye pindo la kanga. Nimepata maneno, nimemnyang'anya mama yangu kazi yake. Najisikia mwizi.

Zuhura katoka madrasa, kanitazama mlangoni. "Mama leo unaumwa?" Naumwa tangu yuko chekechea. Leo ndiyo kauliza. Kala wali wake ameupa mgongo uso wangu.

Alhamisi, 31 Julai

Kidole kimekufa. Haya yote ni macho.

Nimechoka ambavyo sijawahi. Macho yanawaka, kope zinashuka zenyewe. Natazama z, inakuja x. Nafuta. Lakini ujumbe umekamilika, ninao kwenye skrini:

Zuhura asiende Dumila. Abaki na Mama. Mama akizidiwa, Mjomba amchukue Kinole. Ni mtoto wa ukoo wetu.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mashamba yanapita huko, jina linapita huko, na neno la mwisho ni la mjomba. Idrisa anaweza kuja na gari zima la vitunguu. Mjomba alinicheza ngoma ya unyago, alisimamia ndoa yangu na aliivunja. Hawezi kuniacha. Hilo ndilo nililolishikilia.

Jumatatu, 4 Agosti

Jana sikuweza. Leo naandika kidogo, napumzika.

Walijaa chumba kizima. Mjomba kwenye kiti, Idrisa kwenye mkeka na kanzu mpya, Mama mlangoni. Mama kasoma ujumbe wangu. Mjomba akauliza, nani kaandika.

Mama akasema ni Rehema.

"Dada, huyu hanyanyui hata kijiko. Kwenye mashine unaandika wewe, au yule fundi wako."

Hakusema kwa ubaya. Haamini tu. Mama hambishii kaka yake, hajawahi. Akainamisha kichwa.

"Haya, aandike tuone."

Mtu alikuwa amefungua dirisha, watu wapate hewa. Jua lote limeingia. Nilitazama z. Mshale ukakimbilia ukingoni mwa skrini. Nikaanza upya. Watu wakasimama nyuma yangu, wengine mbele, vichwa vikapita kati yangu na skrini. Hakuna aliyejua kwamba wananiziba. Gaudensi hakuwepo, hakikuwa kikao chake. Nikaandika Zuhura. Nikaandika asi. Mtu akakohoa, akasema jua linakuchwa na barabara ya Kinole mnaijua.

Mjomba akainama karibu na sikio langu. Akasema kwa upole kweli: "Mwanangu, mtoto ni wetu, hilo halina mjadala. Lakini mama yako kazeeka, na mimi mlimani kule sina nguvu za kusomesha. Baba yake ana uwezo. Aende, sikukuu atakuja. Umekubali?"

Macho yalikuwa moto. Machozi, jua, herufi. Nilitaka kutazama juu. Kope zikashuka. Sikuzishusha mimi.

"Kafumba," akasema Mjomba. "Amekubali."

Fatiha ikasomwa. Nilipofumbua, mikono ilikuwa inapita usoni kwa watu wote. Nikatazama juu, nikatazama juu, nikatazama juu. Mama Shabani akasema maskini, anamshukuru Mungu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeandika: sikukubali. Ni neno langu la kwanza tangu juzi, na Mama kalisoma asubuhi. Kakaa kitandani kwangu. Nikaandika: mpigie Mjomba.

Kapiga. Nimesikia upande wake tu. Ndiyo kaka. Haya kaka. Kakata.

"Anasema fatiha imeshasomwa."

Nikaandika: wewe unasemaje.

Akawa anakunjakunja kanga yangu miguuni, ambayo haikuwa imekunjuka. Kisha akasema bila kunitazama.

"Nimechoka, Rehema. Nakunyanyua wewe, namkimbiza yeye shule, mgongo umekwisha. Siku hazifanani, nikidondoka mimi mtabaki wawili humu ndani mnatazamana."

Nimemkasirikia kwa saa nzima. Hasira imekwisha yenyewe, haikuwa na pa kwenda. Kasema kweli. Ningekuwa na miguu ningemchukua mwanangu tukaondoka. Ningekuwa na miguu pasingekuwa na kikao.

Idrisa yuko mjini kwa ajili ya maonyesho ya Nanenane, ana banda la bidhaa zake huko. Yakiisha, keshokutwa, atalala. Jumamosi anapita na gari.

Ijumaa, 8 Agosti

Gaudensi kapita. Kasikia. Kasimama na kofia mkononi, akasema angejua angekuja, hata bila kualikwa. Kaweka programu inayokumbuka maneno ninayorudia, nisiandike yote. Nikiandika Z sasa inaleta Zuhura. Nimeitazama ikileta, nikaifuta, ikaleta tena.

Mama anafunga nguo za Zuhura kwenye begi. Sare mpya watanunua huko. Zuhura anauliza kama Dumila kuna mlima. Mama kasema upo, kwa mbali.

Sina la kuandika. Nimejaribu kumwandikia barua ya kwenda nayo. Nimefika: mwanangu. Macho yakakataa.

Jumamosi, 9 Agosti

Alfajiri. Mama kaniosha. Zuhura anakunywa chai jikoni, namsikia akipuliza.

Anapita mlangoni bila kuingia. Tangu niache kupakwa wanja hanitazami vizuri. Kamwambia Mama Shabani kwamba mama yake wa zamani alikuwa na macho.

Nimemwandikia Mama: fungua dirisha. Kafungua. Mshale unarukaruka, naandika haraka kabla jua halijaja. Ukungu uko kiunoni mwa mlima, kama kawaida yake.

Kisha nimeandika: nipake wanja.

Kasoma. Kasoma tena. Akasema, "Mashine haitakuona." Nikafumba.

Kafungua pindo la kanga. Kichupa kilikuwa humo humo siku zote. Anajiandaa kuanza na jicho la kulia. Ananiambia nifumbe. Nje honi imelia mara moja, Mama kasema wasubiri.

Zuhura ataniona.