Shahidi wa Nyumba ya Nguvumali

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia. Mimi ni mzima; mwaka wa tatu wa sheria unanielemea, na vipindi vikiisha sina wa kuzungumza naye bwenini. Ami Abdulla alinipigia akauliza: aliyepewa nyumba kwa mdomo, bila hati wala shahidi, ana haki gani? Nilimjibu kwamba ni vigumu kuithibitisha. Alifurahi, akaniita "hakimu wetu". Nadhani nilijibu sawasawa, ingawa sijui kwa nini aliuliza.

Mwanao,
Thuwaiba

Nguvumali, Tanga, 19 Machi 2024

Mwanangu Thuwaiba,

Marahaba. Goti ni lile lile. Jana baada ya futari kaka yangu Abdulla alikusanya watu barazani: "Hakimu wetu wa Dar kasema Rahila hana shahidi." Mehrunissa wa dukani akamkata: "Hakimu gani? Si yule aliyekuwa akililia ubuyu kwangu?" Wakacheka. Abdulla kaamua: Idi ikipita, nihame nyumba hii nilimokulea.

Lakini shahidi yupo. Siku marehemu baba aliponiambia, "Rahila, nyumba hii ni yako," ulikuwa mkekani, miguuni pake, ukipepeta mchele. Ulikuwa na miaka minane. Njoo useme.

Shangazi yako

Dar es Salaam, 27 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nne. Laiti ningejua Ami alikuwa akiuliza habari zako. Naukumbuka mkeka, ungo, hata miguu ya babu. Maneno siyakumbuki. Nikijaribu kuyasikia, nasikia sauti yako, si yake. Tunafundishwa kwamba shahidi husema alichosikia, si anachotamani kuwa alikisikia. Huenda najificha nyuma ya somo, sina hakika. Nikija, nitaweza kusema hili tu: nilikuwepo, na sikumbuki. Nije?

Mwanao,
Thuwaiba

Ushongo, 14 Aprili 2024

Thuwaiba,

Marahaba. Nimeshahama, niko kwa rafiki yangu Mwanamwema, kanipa chumba cha uani. Barua yako niliitia motoni, Abdulla asije akaisoma barazani.

Usije. Ukisema hukumbuki, watu watasikia kwamba neno la baba halikusemwa. Nami nikikusikia ukisema hivyo, nitaanza kujiuliza kama kweli baba alinena. Neno lake hilo niachie.

Soma, umalize.

Rahila binti Shaib