Hamamu Mpya na Mgongo wa Mama

Ghizlane, nimejifungia jikoni nalia, Mama asinisikie.

Si unaijua hamamu ya mtaa, lile bafu la pamoja, tuliyompa Bwana Lahbib aiendeshe? Mimi ndiye niliyempigania kwenye kikao cha halmashauri. Na mkataba kautimiza wote: maji ya moto hayakatiki, sakafu inang'aa, bei ileile.

Leo Mama kaenda na ndoo yake na sabuni yake nyeusi. Karudi upesi mno.

Kumbe Bwana Lahbib kajenga vyumba. Kila mwanamke na mlango wake. Mlango, Ghizlane, pale tulipozoea kusuguana migongo hata na mtu usiyemjua.

Nikamfuata Bwana Lahbib. Akaniambia, "Dada, mlitaka usafi na faragha. Kipi sijafanya?"

Kipi? Tuliwauliza wahandisi, tukawauliza wanasheria. Wanawake wanaooga pale, hatukumuuliza hata mmoja.

Nimerudi, nikamwambia Mama, angalau pasafi sasa.

Akasema, "Pasafi kweli, mwanangu. Ila tangu baba yako afariki, ni pale tu mtu alipokuwa akinigusa mgongo."