Hela ya Soda ya Sadiki

Jumamosi, jioni. Ukungu haujautoka mlima tangu asubuhi, manyunyu yanakuja yanakwenda, na nguo zilizoanikwa jana bado mbichi kwenye kamba.

Nina wivu. Naandika hivyo moja kwa moja kwa sababu wanaosoma hapa hawanijui, na wanaonijua hawasomi blogu.

Nina wivu na mwanamume anayebadilisha oili.

Anaitwa Sadiki. Ni fundi pale tuliponunua pikapu yetu, kwenye idara yao ya sevisi, njia ya kwenda Msamvu. Pikapu ni ya biashara ya mke wangu, Rehema. Anapanda nayo Mgeta kuchukua njegere, karoti na stroberi kwa wakulima, kisha anazishusha kwenye mahoteli ya hapa mjini. Barabara ile ya mlimani inakula gari, kwa hiyo pikapu haikauki huko sevisi. Na kila ikirudi, jina la Sadiki linarudi nayo. Sadiki kasema breki za mbele zimekwisha. Sadiki kasema tairi hili la nyuma lihamie mbele. Sadiki kasema nisiteremke mlima na gia kubwa. Hilo la gia kubwa mimi nililisema tangu mwaka juzi, Rehema akaniitikia "sawa" huku anatafuta simu yake. Alivyolisema Sadiki, likawa elimu.

Halafu kuna hela ya soda. Rehema hatoki pale bila kuacha kitu. Nikimuuliza ananiambia ni ya soda tu, kana kwamba soda inamea kwenye mti.

Mimi si mchoyo. Shuleni wenzangu wananiita mkono wa birika, wanatania, nami nacheka nao, lakini nina hoja. Ukilipa bili ya sevisi, humo ndani kuna gharama ya ufundi. Fundi ameshalipwa. Ana mshahara, ana ovaroli, anafanya kazi kivulini. Mimi nafundisha hesabu kidato cha nne na sijaona mzazi aliyeniachia ya soda kwa sababu mwanawe ameelewa logarithimu. Tena pale mapokezi wamebandika kibao kabisa, kinamwomba mteja asimpe mfanyakazi zawadi wala bakshishi. Nilikisoma siku ile tulipokwenda kuchukua gari, nikamwonyesha Rehema kwa kidole. Akasema amekiona.

Hizo ndizo hoja zangu, na zote ni za kweli. Lakini sina ugomvi na soda.

Nina ugomvi na Sadiki.

Alhamisi Rehema aliteremka Mgeta na stroberi za kwanza za msimu. Kulikuwa na kikasha kidogo amekitenga pembeni, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nikajua ni chetu. Shamimu, binti yetu wa darasa la sita, naye akajua ni chetu. Nikaenda kuosha bakuli. Narudi, Rehema anapita na kikasha mkononi, anasema ni cha watu wa sevisi, atakipitisha akienda mjini. Jamani. Nimeoa mwanamke anayeuza stroberi na nimebaki na bakuli.

Jioni ileile simu yake ikalia. Akatoka kuongelea nje, pale karibu na tenki la maji, nikamsikia anacheka. Si kile kicheko anachowapa wateja. Ni kile alichokuwa akicheka na mimi zamani, kabla hatujawa watu wa kukumbushana kununua umeme wa luku. Aliporudi nikamuuliza alikuwa nani. Akasema Sadiki, anakumbusha gari lipelekwe Jumamosi.

Nikasema aa. Nikarudi kusahihisha madaftari, nikamkosesha mtoto wa watu swali alilopata.

Basi leo asubuhi Rehema alikuwa na shughuli Mwembesongo, binamu yake anaolewa, na wanawake wote wa ukoo walitakiwa jikoni mapema. Nikamwambia nitalipeleka gari mimi. Akasimama na kijora chake mkononi. Akaniuliza, wewe? Kisha akasema niache tu, atalipeleka mwenyewe Jumatatu. Nikamkumbusha kwamba Jumatatu ana safari, na gari lisiloangaliwa breki halipandi Mgeta. Akaniangalia kidogo. Akasema haya, lakini nisiende kule nikaanza maneno na watu.

Hapo ndipo niliposema moyoni, kuna kitu. Mwanamke hamzuii mumewe kupeleka gari sevisi hivi hivi.

Nikavaa shati ninalovaa siku za mahafali. Njia nzima nilikuwa najipanga: kwanza nimwone huyo Sadiki kwa macho yangu, halafu niombe kuonana na meneja, nimuulize kwa upole kile kibao cha ukutani ni pambo au ni utaratibu. Na kama ni utaratibu, mbona kuna fundi wake anapokea kila mwezi, na jina lake ninalo. Nilijua vizuri maana ya maneno hayo. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa maneno hayo. Nilijua, na bado nikakanyaga mafuta.

Mlinzi wa getini aliitambua pikapu kwa mbali, akaja anatabasamu. Alipoona ni mimi kwenye usukani akainama dirishani akauliza kama mimi ndiye Mwalimu. Nikasema ndimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hatimaye ameniona, na ahsante sana kwa zile njegere za sikukuu ya Idi, nyumbani kwake walikula wakaniombea.

Njegere zipi? Nikasema ahsante na mimi.

Ndani, dada wa mapokezi alikuwa amekaa chini ya kilekile kibao. Nikamwambia namtaka meneja. Akaandika namba ya gari, akainua macho, akasimama na kuniamkia shikamoo. Akasema stroberi walizila wote, zilikuwa tamu, na kwamba Mama Shamimu ana bahati ya mume anayekumbuka watu.

Nilidhani amenichanganya na mtu. Na nikiri ujinga wangu hapa: kwa muda mfupi, mbaya kabisa, niliwaza kwamba kuna mwalimu mwingine.

Ndipo akaja Sadiki. Njia nzima nilikuwa namwombea awe mzee mwenye kitambi. Si mzee. Ni mrefu, meno yamejipanga, na ana sauti ya mtu wa kuadhini. Wivu ulinipanda mpaka nikasikia joto masikioni. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akaniamkia, kisha akanisogeza pembeni kidogo, mbali na wateja wengine.

"Mwalimu, ile pole yako ilinifikia," akasema. "Mwanangu alipolazwa sikuwa hata na pa kuanzia. Mama Shamimu akaja akaniambia, Mwalimu kasema shika hii, mtoto asikose maziwa. Sijaacha kukuombea."

Mimi sikujua kama ana mtoto.

Aliendelea kunisimulia huku anafungua boneti, na kila alichosema kilinizidishia kiu ya kusikia. Kwamba Rehema akija, akitoa hela au matunda, husema vimetoka kwa Mwalimu. Kwamba mimi ndiye ninayesimama mlangoni asubuhi na kumkumbusha asiwasahau watu wa gereji. Kwamba niliwahi kusema mtu anayekaza nati za gari la mke wangu siwezi kumshukuru kwa bili peke yake. Nilisema hivyo mimi? Ni maneno mazuri. Ningependa ningeyasema.

Nikamuuliza kuhusu kibao, ila sauti yangu ilikuwa imeshakwisha makali. Akasema wao hawaruhusiwi kuomba, na hawaombi. Kinachokuja chenyewe kinawekwa meza ya chai, wanagawana wote mpaka yule mama anayeosha magari, na wakubwa wao wanajua. Akasema gari la anayetoa na la asiyetoa linafungwa nati zilezile. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa ameshaanza kazi na mimi sijatoa kitu.

Meneja akatokea. Mama mtu mzima, miwani ameipandisha kichwani. Akaniuliza, "Mwalimu, kuna tatizo?"

Sadiki alikuwa amepiga goti kwenye tairi la mbele, ametugeuzia mgongo. Nikasema hapana, nilitaka tu kusema vijana wake wanafanya kazi nzuri. Akafurahi, akasema ni nadra mteja kumwita kwa ajili ya hilo.

Wakati wa kuondoka nilikuwa na noti moja kwenye mfuko wa shati. Niliigusa. Ilikuwa ndogo, ya saizi anayotoa mtu kama mimi akibanwa sana. Nikaona nikiitoa nitamchafulia jina yule mwalimu wao. Nikaiacha humohumo. Wala hakuna aliyekuwa anasubiri. Sadiki alinipa funguo akaniambia nimsalimie mama, na mlinzi akanifungulia geti kwa heshima zote. Nikatoka pale nimeshukuriwa kwa kila nisichotoa, na bado sikutoa.

Alasiri nilimfuata Rehema Mwembesongo. Alitoka ananuka moshi na viungo vya pilau, ameshika hotipoti ya Shamimu, miguu imemvimba kwa kusimama. Akaingia, akafunga mlango. Sikuwasha gari. Nikamwambia Sadiki anamsalimia.

Akaiweka hotipoti mapajani, akaanza kufunga upya kitambaa kilichokuwa tayari kimefungwa. Nikamuuliza kwa nini anatumia jina langu.

"Mimi ni mke wa mtu," akasema. "Nikiwa kila mara nampa fundi hela, nampa na matunda, haitapita wiki mji huu watakuwa wameshanioza kwake. Nikisema imetoka kwa mume wangu, imekuwa heshima. Yangu na yako."

Nikacheka, nisingeweza kujizuia. Miezi yote hii nimekonda kwa wivu, kumbe mwenzangu aliziba maneno ya watu kabla mimi mwenyewe sijayafikiria. Na kicheko cha pale kwenye tenki? Nilimuuliza na hilo, heshima ilikuwa imeshakwisha hata hivyo. Akaniangalia kama anayetazama mtoto. Akasema Sadiki alikuwa anamsimulia kwamba yule mtoto sasa amepona kabisa, amekataa maziwa, anataka soda.

Ningeishia hapo ningekuwa sasa hivi nimelala kwenye kochi na pilau tumboni. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, swali siliachi njiani. Nikasema sawa, hela nimeelewa, ulikuwa unajikinga na maneno. Na zile pole je? Na hilo la kwamba nakukumbusha mlangoni, na yale maneno ya nati? Hayo yalikuwa na ulazima gani?

Rehema akageukia dirishani. Kulikuwa na wasichana wanapitisha viti vya kukodi, wanacheka, akawatazama mpaka wakaisha.

"Hayakuwa na ulazima," akasema. "Nilikuwa napenda tu kuyasema."

Hakusema kwa kunichoma. Ndiyo maana imeniuma. Angenichoma ningejibu.

Nikawasha gari tukarudi. Breki zinashika vizuri.

Sasa yupo jikoni anampakulia Shamimu, mimi nipo hapa barazani na simu. Sadiki simwonei wivu tena, Mungu amkuzie mwanawe. Ninayemwonea ni yule mwalimu. Anajua watoto wa watu wanaumwa lini. Anajua la kusema. Mke wangu anamtaja mbele za watu kwa furaha, na watu ambao hawajawahi kumwona wanamwombea. Siwezi kumfuata nikagombana naye. Siwezi kumshtaki kwa meneja. Rehema amemtunga mwenyewe, kidogo kidogo, kila sevisi anamwongezea neno, akiwa mbali na nyumba hii ambayo mimi nipo kila siku.

Niliuliza sana kama ni halali kumpa fundi ambaye ameshalipwa. Leo nadhani nilikuwa naulizia mtu asiyehusika; wa kupewa yuko nyumbani. Sevisi ijayo nitalipeleka gari mimi, na nitatoa, na safari hii itakuwa yangu kweli. Hilo ni jepesi, ni hela tu.

Lakini kabla ya hapo kuna Jumatatu. Asubuhi Rehema atasimama mlangoni na funguo mkononi, tayari kupanda Mgeta, kama anavyosimama siku zote, na mimi kwa kawaida huwa nipo mezani namalizia chai.

Nitainuka. Nikishafika pale mlangoni nitamwambia nini?