Kitoweo cha Aliyevuta Wavu

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imenifika, nami ni mzima, alhamdulillahi. Mamako amehamia Gede kwa nduguyo, kwa hivyo nyumba hii ya Malindi nimebaki nayo peke yangu.

Waniuliza, kule chuoni bara nilizoea lini kukaa bila mtu wangu. Miaka ile ya themanini nikisomea ufugaji wa samaki, msichana wa pwani nilikuwa mimi tu. Siku tulipovuna bwawa, mzee mchimba mabwawa alitusaidia kuvuta wavu, nami nikampa samaki mmoja. Si kwetu ufuoni aliyevuta hakosi kitoweo? Kumbe samaki wale walikuwa wa kupimwa darasani! Mwalimu alipouliza nani kamtoa mmoja, nikasema ni mimi, na darasa zima likanicheka. Nikaenda kujifungia chumbani.

Jioni mzee yule akamtuma mkewe aje anichukue. Nyumbani kwao nilimkuta samaki yule kwenye sinia, ameshapikwa, hajaguswa. Walikuwa wakiningoja. Tangu nifike chuoni, hiyo ndiyo mara ya kwanza kula na watu.

Kuzoea, mwanangu, sikuzoea.

Ukija likizo, usile njiani. Samaki sitamgusa mpaka ufike.

Nyanyako