Fahali Atakayebaki

Wanale, Jumamosi, Juni 1956

Bado nacheka. Wiki nzima mume wangu ameninunia kwa sababu ya ndama wetu wawili: mmoja abaki fahali wa zizi, mwingine ahasiwe. Yeye anampenda yule mwekundu, mzuri wa kuangalia. Mimi nasema fahali huchaguliwa kwa mama yake, na mama wa mwekundu ana mateke. Mama wa ndama wangu, yule mwenye masikio makubwa, alitupa maziwa kiangazi chote.

"Mateke gani?" akafoka leo asubuhi. "Lete kibuyu, nimkamue mwenyewe."

Nikampa.

Teke moja tu, akakaa kwenye mavi, maziwa yote kifuani. Akanitazama, akaanza yeye kucheka.

"Haya, Mama Zaina. Wako abaki."

Sasa nina hofu moja: binti wa fahali wangu wakipiga teke, atakayekaa mavini ni mimi.